Sauti Yangu Ilisema Tumesikia

Namshukuru Mungu aliye hai, anayesikia hata pumzi ya mtu aliyeshindwa kusema. Sifa zimwendee yeye kwanza, maana angekuwa na masikio kama yangu, hakuna mmoja wetu ambaye angesimama hapa leo.

Ndugu zangu na mama zangu wa kanisa la hapa Plateau, mmeniita kutoka Eldoret niwaeleze ile laini yetu ya simu ya maombi, kwa vile na nyinyi mnataka kuanzisha yenu. Nitawaonyesha. Lakini mnivumilie kwanza, maana mashine inayoiendesha ina historia, na historia yake ni dhambi yangu.

Nilikuwa fundi wa simu kabla ya kustaafu. Kanisa letu liliponiomba nitafute njia ya kuwafikia wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, nilipata programu huria, yaani programu ambayo walioitengeneza hawakuifungia. Maandishi yake yote yako wazi: unasoma, unarekebisha, unampa mwenzako. Nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu katika ofisi ya kanisa. Mtu akipiga, inapokea. Akibonyeza moja, anasikia saa za ibada. Akibonyeza mbili, anaacha ombi lake kwa sauti. Akimaliza, inamjibu kwa sauti yangu niliyorekodi: "Tumekusikia, mpendwa. Hauko peke yako."

Watu walipenda maneno hayo. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaniambia, "Mzee, hiyo sauti yako inanipa usingizi." Nikajiona mtu.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza maombi kila asubuhi, kisha kutuma wazee waende kutembelea. Mwaka wa kwanza nilifanya kwa uaminifu. Lakini nawaambia, sauti ya mtu anayeumia ni nzito kuliko gunia la mahindi. Unamsikia akilia, halafu unaenda kunywa chai? Asubuhi moja sikufungua. Siku iliyofuata yalikuwa mengi zaidi, nami nikaogopa zaidi. Nikasema nitaanza Jumatatu. Mnaijua hiyo Jumatatu. Mwishowe niliacha kabisa na sikumwambia mtu, huku mashine ikiendelea kuwaambia watu, kwa sauti yangu, kwamba tumewasikia.

Wakaanza kulalamika. Katika kikao cha kamati mama mmoja akaniuliza, "Mzee, mbona watu wanaacha maombi na hakuna anayewatembelea?"

Nikajibu, "Ni hii programu ya bure. Mnajua vitu vya bure. Inameza ujumbe."

Wakanisikitikia! Wakasema tutafute nyingine ya kununua. Lakini alikuwako dada mmoja, mwalimu wa kompyuta anayekaa mtaa wa Pioneer. Akasema, "Kama iko wazi, acha niisome kwanza."

Alikaa mbele ya mashine mchana mzima. Mimi nilisimama nyuma yake kama mwanafunzi aliyeiba mtihani. Mwishowe akageuka.

"Mzee, haijameza kitu. Maombi yote yako hapa. Na ona, umeandika wewe mwenyewe: ujumbe ukisikilizwa, uwekwe alama. Alama ya mwisho ni ya kabla ya mvua kuanza."

"Labda hiyo alama ndiyo imeharibika," nikasema.

Hakucheka. "Mzee, nikuwekee ya kwanza usikie?"

"Hapana. Niachie."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akasema, "Kamati haitasikia kwangu. Itasikia kwako."

Nikabaki. Nikafungua.

Sitawaambia yote, ila ya mama mmoja wa Kiplombe. Alipiga kila Alhamisi. Mara ya kwanza alisema, "Mzee wangu, baba watoto, hainuki tena. Anaomba mzee wa kanisa aje amwombee. Anasema hataki kuondoka kabla hajaombewa." Alhamisi ya pili: "Ni mimi tena. Mliniambia mmesikia, kwa hivyo nimemwosha, nimemvalisha shati safi. Tunawangoja." Alhamisi ya tatu, shati safi. Ya nne, shati safi. Ya mwisho, sauti yake ilikuwa tulivu: "Tumemzika Jumamosi. Nawaambia tu ili msije bure. Asanteni, kila wiki mlinisikia."

Na baada ya kila ujumbe, ndugu zangu, nilijua yeye alisikia nini kwenye simu. Alinisikia mimi.

Kesho yake nilipanda boda boda mpaka Kiplombe, nikaelekezwa kwake. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Niliposema hodi, mikono yake ilisimama.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe ndiye mtu wa simu."

"Ndiye mimi, Mama."

"Ulichelewea wapi?"

Ningeweza kuisingizia mashine tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Sikusikiliza, Mama. Nilisema tumesikia, na sikuwa nimesikiliza."

Akaokota hindi jingine. Kisha akasema, "Alikuwa akiniuliza, 'Wamesema nini?' Mimi namwambia, 'Wamesema wamesikia.' Basi ulinifanya nimdanganye mtu anayekufa."

Nikalia. Akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kama umekuja kulia, lia ukipukuchua. Mahindi hayajipukuchui."

Tukapukuchua mpaka hindi la mwisho. Ndipo akauliza, "Hiyo mashine yako, maneno yake yanaweza kubadilishwa?"

"Yanaweza. Haina mwenyewe wa kuombwa ruhusa."

"Basi ifundishe kusema ukweli."

Jumapili hiyo nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote. Hawakunifukuza. Walinipokonya jambo moja tu: kubeba mzigo huo peke yangu. Siku hizi tunasikiliza kwa zamu, na ujumbe ukikaa siku nzima bila kusikilizwa, mashine inatupigia simu sote. Maneno yake ni mapya, na sauti ni ya mama yule wa Kiplombe: "Ombi lako limehifadhiwa. Hakuna mtu aliyelisikia bado. Likishasikilizwa, mtu atakupigia mwenyewe." Zamu yake ni ya Alhamisi. Aliichagua.

Nilimwuliza siku moja kama amenisamehe. Akaniambia, "Jumatatu nimekusamehe. Jumanne pia. Alhamisi bado najaribu." Na mimi Alhamisi silali vizuri. Maji yakianza kuimba kwenye birika naisikia ile sauti yangu ya zamani ikimwambia mtu kwamba hayuko peke yake. Sijaomba iondoke.

Namshukuru dada aliyesoma mashine na kuniachia mimi nijisome. Nawashukuru ndugu walionipokea. Namshukuru mama yule kwa kigoda chake.

Tutawapa programu bure, kama tulivyoipata. Mtakapoifungua, juu kabisa, kabla ya maagizo yote, mtakuta nimeandika kosa langu kwa ufupi. Nawasihi msilifute. Kila kanisa litakaloipokea kutoka kwenu lilisome pia. Usimwambie mtu "nimekusikia" mpaka umesikia.

Nawe uliyesikia haya, au utakayeyasoma siku moja, Mungu akupe mtu wa kukusikia kweli. Na utakapoitwa wewe, akupe miguu ya kufika shati likiwa bado safi.