Sista Specioza na Kikombe cha Sukari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni kelele kidogo huko mliko, maana leo namtaja mtu ambaye Mpanda imemzika juzi. Sista Specioza, muuguzi, amefariki.

Specioza alizaliwa Kasokola, kwa wakulima. Alifanya kazi wodi ya mazoezi, pale waliokatwa mguu kwa kisukari wanapolazwa ili wajifunze kutembea kwa magongo. Tena wajifunze jambo gumu zaidi: kujichoma insulini wenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna sista. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwafundisha watu kujitunza.

"Alikuwa mkali, jamani!" anasema mdogo wake, Telesphor. "Mgonjwa akificha soda chini ya kitanda, dada anaitoa, anainywa mbele yake."

Sasa sikilizeni habari ya mwaka 1994. Mzee Machibya, Msukuma, mfugaji wa Sibwesa, alikuwa amekatwa mguu. Sindano haikumtisha hata kidogo, ng'ombe wake aliwachoma mwenyewe siku zote. Mchana ule akajichoma tumboni, safi kabisa. Specioza akamsifu. Akaona mkewe, Kabula, ameshaleta ugali, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Lahaula! Aliporudi, ugali bado umefunikwa. Machibya alikuwa anamngoja mdogo wake, Nashon, aliyekwenda sokoni. Kwao mwanamume hali peke yake wakati ndugu yake yuko njiani. Dawa iko mwilini, tumbo tupu. Jasho likamtiririka, mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayaeleweki.

"Sukari! Nipeni sukari upesi!" Specioza akapaza sauti.

Sukari ilikuwepo, kwenye kikapu cha Kabula, ya chai yake mwenyewe. Kabula akakikumbatia kikapu.

"Simpi! Si wewe uliyesema sukari itammaliza?"

Mnaona hapo? Mama huyu hakuwa mjinga. Alishika somo kuliko wote wodini, na kwa kulishika, mumewe alikuwa anakufa mbele yake.

"Nilisema, mama," Specioza akajibu. "Nilisema nusu. Dawa ikikosa chakula, inashusha sukari ya mwili kupita kiasi, na hapo sukari ndiyo inayomrudisha. Akizimia hataweza kumeza. Nipe, mama yangu, nakuomba!"

Kabula akamtazama mumewe. Macho yalikuwa yanapinduka. Akamsukumia Specioza kikapu.

Sukari kwenye kikombe, maji, koroga. Meza, mzee. Meza. Mengine yakamwagika kifuani. Wanawake wale wawili wakangoja, wameshikana mikono bila kujijua. Hatimaye Machibya akajipangusa uso, akauliza, "Nashon kafika?"

"Kula!" Specioza akamfokea, huku analia.

Tangu siku ile alibadili mafunzo yake. Sahani iwe mbele yako ndipo ushike sindano. Narudia, wasikilizaji: sahani mbele yako kwanza. Na hakumfundisha tena mgonjwa peke yake. Alimwita mke, alimwita ndugu, aliwaita wote wanaokula naye. Nashon naye aliitwa, akasikiliza kichwa chini.

Mzee Machibya yupo hai. Juzi alikuja msibani Kasokola kwa magongo yake. Wanaume walikuwa bado makaburini wanafukia, na mtu wa umri wake hawezi kutangulia kula. Lakini saa yake ya sindano ilikuwa imefika. Akaomba sahani, ikaletwa. Akajichoma, akanawa, akaanza kula peke yake uani, machozi yanamdondoka. Watu wakaanza kunong'ona: mzee gani huyu, hana haya?

Kabula akasimama mbele yao. "Mwacheni ale," akasema. "Mnayemzika ndiye aliyemfundisha."

Telesphor, na ukoo wote wa Kasokola, poleni sana. Mmepoteza dada, nasi tumepoteza mwalimu. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako yupo mwenye kisukari, jiulize: anaona aibu kula kabla yako? Basi mwambie leo, kwa mdomo wako mwenyewe, asikungoje.