Samaki Wekundu na wa Buluu Ndani ya Tangi Moja

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za leo. Mnaona nimesimama, na mkongojo huu, na kwa kweli hilo peke yake lingetosha tukaenda kunywa chai. Lakini mwenyekiti amesema leo ni zamu yangu, na mke wangu pale nyuma amenikazia macho, basi nitasema. Nikikwama kwenye neno naomba msinimalizie. Litakuja lenyewe.

Mimi ni fundi friji, Kwa Mrombo. Miaka kadhaa iliyopita mzungu mmoja mwenye shamba la maua, aliyekuwa akinipa kazi, alirudi kwao akaniachia samaki wake. Wanaitwa samaki wa upinde wa mvua. Si wa kula, msinitazame hivyo. Ni wa kufuga ndani ya kioo, urefu wa kidole, na jua la asubuhi likiwapiga, ndugu zangu, nawaambia, unawatazama mpaka chai inapoa mkononi. Aliniachia aina mbili, kila moja asili yake ni mto wake huko mbali: wekundu na wa buluu. Sharti lake lilikuwa moja tu, nisiwachanganye. Wakikaa pamoja wanazaana, na watoto wanakuwa si wa mto huu wala wa mto ule. Mkubwa mwenyewe haharibiki, ukimtoa ni yule yule. Anayeharibika ni mtoto, na mtoto wa mtoto, na hapo ni kama maziwa yaliyokwisha kuingia kwenye chai. Aliniambia pia kwamba hamjui mtu mwingine hapa nchini mwenye samaki hao. Wakiniishia mimi, wameisha.

Basi nikawa mkali kuliko askari wa benki. Matangi mawili sebuleni, kila moja na wavu wake. Maji ya bomba ya kwetu mnayajua, yana floraidi, meno yetu ya kahawia yanatangaza, kwa hiyo nilikuwa nachanganya na maji ya mvua. Nilining'iniza vishada vya uzi wa sufu, samaki wakataga humo, nikavihamishia kwenye beseni ili wakubwa wasiyale mayai. Madume unawajua kwa rangi. Majike ndio kazi, maana wote wana rangi ya fedha, na mimi niliwatambua kwa ukingo wa pezi la mgongoni. Mke wangu aliwahi kuniambia, "Baba, nionyeshe na mimi." Nikamjibu, "Wewe waache tu." Nilijisikia vizuri kuwa peke yangu ninayejua, sitawaficha.

Kiharusi kilinikuta kazini, nimeinama nyuma ya friji ya mama mmoja wa duka. Nikalala wodini wiki tatu. Nilirudi nyumbani mkono wa kulia umekufa, mguu umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno hakuna. Wengi kwenye kikundi chetu hiki mnajua hali hiyo kunizidi. Kichwani maneno yote yapo, yamejipanga, ukifungua mdomo inatoka sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi.

Wakanibeba mpaka sebuleni. Nikaona tangi moja halina kitu, kavu. Kwenye la pili wamo wote, wekundu na wa buluu, wanapishana.

Nikapiga kelele. Dada yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Kikwe kusaidia kuniuguza, akapiga makofi. "Mwoneni mdogo wangu! Amefurahi kuwaona samaki wake jamani!" Nikazidi kupiga kelele. Machozi yakatoka. Akanifuta kwa khanga yake akisema ni machozi ya furaha.

Tangu siku ile, kila asubuhi walikuwa wakinikalisha mbele ya tangi. Asubuhi ndiyo saa ya madume kujionyesha. Nilikuwa namwona dume mwekundu anamzungukia jike wa buluu, jike anaingia kwenye uzi, anatetemeka, anataga. Kisha mke wangu anakitoa kishada kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiniona nikifanya, anakiweka kwenye beseni. Alikuwa analea machotara mbele ya macho yangu, nami sina hata "acha." Dada akaona nahuzunika, akamwita mwinjilisti, tukaombewa sana roho ya huzuni initoke, halafu wakaongeza sauti ya redio. Nilizungukwa na watu wanaonipenda, na hakuna aliyejua ninalia nini.

Nilimchukia mke wangu. Nalisema mbele yake. Alikuwa akininywesha uji kwa kijiko, nami nafunga mdomo makusudi, nakisukuma kijiko. Alidhani uji ni wa moto. Alikuwa anaupuliza, ananirudishia.

Na samaki wakubwa walikuwa wamezeeka. Kila wiki mbili tatu mmoja anaelea. Nilikuwa namjua kila mmoja aliyekufa, nahesabu kichwani majike waliobaki, na mahesabu hayo yalikuwa yananinyima usingizi. Ikapita miezi minne hivyo.

Halafu akaja dada wa mazoezi, huyu tunayemjua wote, sitamtaja. Alipomaliza kuninyoosha mguu alikaa kimya muda mrefu, ananitazama tu. Akasema, "Mzee, huu mkono wa kushoto ni mzima. Ukiulizwa jambo, kama ni ndiyo, finya. Kama siyo, uache." Akaushika. "Una maumivu?" Nikauacha. "Umeelewa?" Nikafinya mpaka akacheka. Kisha akamwita mke wangu aje aulize na yeye.

Mke wangu alikaa chini kwenye mkeka, akanishika mkono. Nilitegemea aniulize habari za uji. Akaniuliza, "Majike, unaweza kuwatofautisha?"

Nikafinya. Nilifinya nikalia.

Kazi ile ilichukua siku nne, maana nilikuwa nachoka upesi. Alimvua samaki mmoja mmoja, akamweka kwenye chupa ya kioo, akaileta puani kwangu. "Wa buluu?" Nafinya, au naacha. Wakwe zangu wa Nkoaranga walituletea madumu ya maji ya mvua kujaza tangi la pili, wakauliza kama ni ya ubatizo. Tulipomaliza, wa buluu walikuwa madume watatu na jike mmoja. Wekundu, madume wawili. Jike mwekundu, hakuna hata mmoja. Tulichelewa.

Sauti ilirudi kidogo kidogo baada ya hapo. Sentensi yangu ya kwanza nzima nilimwambia mke wangu, siku moja ananiosha miguu: "Kwa nini uliwachanganya?"

Akaliweka kando taulo. "Wiki zile uko wodini, transfoma ya mtaa iliungua. Siku mbili hakuna umeme. Pampu ya hewa ya betri ni moja, matangi mawili, samaki wameshaanza kuhema juu ya maji. Ningewaacha wafe? Umeme uliporudi nikashindwa kuwatenga, nikaogopa kukosea. Mayai nimelea yote, nikasema labda humo wamo wa kwako. Na kila asubuhi nimekukalisha pale nikitegemea utaninyooshea hata kidole."

Ndugu zangu, mkono wa kushoto ulikuwa mzima siku zote hizo. Sikuunyoosha. Niliutumia kusukuma kijiko.

Wale machotara wapo kwenye tangi lao la tatu, wazuri kabisa. Watu wanawatamani, ila hawatatoka nyumbani mwangu, maana sitampa mtu samaki asiyejulikana ni wa mto gani. Wekundu wawili bado wanaogelea, na wakifa wamekwisha, hakuna ninaloweza kufanya. Yule jike wa buluu alitaga. Watoto wake kumi na mmoja wameanza kupata rangi, na ni mke wangu anayewakagua mapezi, kwa sababu jicho langu la kulia halioni vizuri.

Kwenu mnaotuuguza, tuulizeni hata kama hatujibu. Na sisi tuliopigwa na kiharusi, kabla ya kukasirika tutazame ni kiungo gani kimebaki kizima, hata kama ni kope. Namshukuru Mungu, nawashukuru wakwe zangu, dada yangu na makofi yake, mwinjilisti, na dada wa mazoezi aliyejua kukaa kimya.

Limebaki moja. Sauti iliporudi, "kwa nini" ndiyo iliyotangulia. Yakafuata "maji," "funga mlango," "chumvi imezidi." Nimeongea karibu mwaka mzima sasa, na kuna neno sijamwambia mtu mmoja. Mke wangu, simama watu wakuone.

Asante.