Punje ya Mzee Vrana

Sogeeni karibu, wanangu. Russell, acha kutazama saa, leo saa haina amri juu yangu. Irma, hakikisha hicho kinasa sauti kinazunguka, na nikikohoa katikati ya maneno msikifute kikohozi, kibaki humo humo, ndicho chenye kuonyesha kwamba aliyesema haya alikuwa mtu wala hakuwa karatasi.

Naanza na jambo ambalo nimelifikiria miaka arobaini na moja bila kulipatia jibu. Watu wa New York walijuaje habari za punje? Filamu tuliyowapelekea haikuwa na punje. Naijua filamu ile kuliko ninavyoijua sura yangu, kwa sababu niliipiga mwenyewe, na ilikwisha kabla punje haijatoka mfukoni. Basi nani aliwaambia? Nitakufa na swali hili, na wala siwaachii ninyi kama kazi ya kumalizia. Nalitaja kwanza kwa sababu ndilo lililonifanya nimkosee mtu, na hilo kosa ndilo ninalotaka mlirekebishe.

Russell, wewe ulikuwa hujazaliwa. Kituo chetu cha televisheni hapa Bell Fork kilifunguliwa mwaka wa hamsini na tatu, chumba kimoja juu ya ghala la mbegu, na mnara ambao upepo wa Nebraska uliutikisa mpaka picha ikatetemeka katika kila sebule. Meneja alikuwa Floyd Tierney, mimi nikiwa fundi wa mitambo, na mama yenu, Adela, alikuja siku ya pili kutuletea kolache, vile vimkate vitamu vya kwetu vya plamu, akaambiwa abaki, kwa sababu nusu saa ya watoto haikuwa na mtu. Usiku ule ule alishona kikaragosi cha kunguru kwa soksi yangu nyeusi na kofia ya zamani ya babu yenu, akamwita Mzee Vrana, yaani Mzee Kunguru kwa lugha ya wazee wetu. Mzee Vrana alikuwa mbishi, mlafi, mwenye maringo, na kila mtoto wa wilaya hii alimpenda kama mjomba.

Alikuwa na desturi moja. Kila siku mwisho wa kipindi alivua kofia yake, akatoa punje ya hindi mfukoni, akaitia ndani ya kofia na kusema, "Hii ni ya yule ambaye kwao hakuna televisheni." Siku zile nyumba zilizokuwa nayo zilihesabika. Watoto walijazana sakafuni kwa jirani, na aliyekosa hata kwa jirani alijua kwamba kesho yake shuleni ataambiwa, "Jana uliwekewa punje." Mama yenu alikua bila hata redio. Hakuwa akiigiza pale.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye uchungu wote. Tulikuwa chini ya mtandao wa televisheni wa New York, lakini waya wao haukufika kwetu. Vipindi vyao vilikuja kwa treni, vimepigwa kwenye filamu mbele ya kioo cha televisheni huko kwao, ndani ya mikebe, vimechelewa wiki mbili tatu. Krismasi yao tuliiona katikati ya Januari, na mzee Sindelar wa duka la redio aliacha mti wake umesimama mpaka mkebe ufike, akisema hawezi kushangilia peke yake. Filamu ina adabu. Filamu husubiri. Saa kumi na moja na nusu ikigonga na Mzee Vrana bado anabishana na nguruwe, mimi nilikaa na kidole kwenye swichi, nikangoja punje ianguke, ndipo nikaachia mkebe wa New York. Hakuna aliyelalamika. Miaka miwili mama yenu hakutazama saa hata mara moja, alinitazama mimi.

Mwaka wa hamsini na nne Tierney alisema, "Wendell, hebu tuwatumie hao wakubwa kipindi cha Adela. Nani ajuaye, huenda wakakinunua." Nikafunga kamera ya filamu mbele ya kioo, kama walivyofanya wao, ila kamera yangu ilibeba dakika kumi na moja tu. Mkebe ukaenda kwa treni mwezi wa tisa. Ukarudi mwezi wa kumi na mmoja na barua ya mistari mitatu: kipindi kina ushamba usiofaa watazamaji wa mijini. Mama yenu aliisoma akacheka. "Ushamba ni kweli," akasema, "hata kunguru mwenyewe ni soksi ya miguu yako." Akaiweka chini ya chungu cha unga, akaisahau. Mimi sikuisahau.

Oktoba ya hamsini na tano minara ya mawimbi ilifika. Kuanzia siku hiyo picha ya New York ingekuja hapa papo hapo, na mji mzima ulijaa mbele ya duka la Sindelar kana kwamba anakuja rais. Tierney alinishika bega. "Wendell, saa kumi na moja na nusu kamili. Si sekunde moja baadaye. Mkataba unasema tukichelewa wanatunyang'anya mtandao." Nikamwambia Adela asubuhi, tukiwa tunakunywa kahawa, lakini nilimwambia kama mtu anayesema mvua itanyesha. Sikumwambia, mke wangu, leo sitakusubiri. Nilidhani anaelewa. Yeye alidhani nitasubiri, kama nilivyosubiri siku zote.

Jioni ile Mzee Vrana alichelewa. Alikuwa na hamu ya kuwaaga watoto vizuri kwa ajili ya sikukuu ya minara. Akavua kofia. Akatoa punje, akainyanyua juu. Mshale wa saa ukafika. Mama yenu akainua macho kunitazama kupitia kioo cha kibanda cha mitambo, akitabasamu.

Nikageuza swichi.

Na ni nini kilichotokea pale kwenye kioo cha televisheni, wanangu? Kunguru. Kunguru mweusi, kofia kuukuu, mbishi, mlafi, mwenye maringo, anaitwa Kapteni Kroki, mwendo ule ule wa kuchechemea kama ana kokoto kiatuni. Mama yenu alisimama pale katikati ya chumba, mkono bado ndani ya soksi, akajitazama akiwa mtu mwingine. Nusu saa nzima. Na mwisho yule kunguru wa New York akavua kofia, akatia punje ya hindi, akasema, kwa sauti ya mtu wa matangazo ya sabuni, kwamba ni ya yule ambaye kwao hakuna televisheni.

Simu ikaanza kulia. Mke wa Sindelar akapaza sauti toka dukani, watu wakicheka nyuma yake: "Adela we! Umehamia New York hata kuaga hujaaga!" Walidhani ni mzaha wetu. Wewe Irma ulikuwa na miaka sita, ulikuwa kwa jirani, ulipofika nyumbani neno lako la kwanza lilikuwa, "Baba, mbona yetu haikuanguka?"

Adela alitoa mkono kwenye soksi, akaikunja. Alichosema ni, "Umefanya kazi yako, Wendell." Hakuwahi kuivaa tena mkononi. Tierney alimbembeleza, watoto walimwandikia. Akaenda kufanya kazi maktaba, akapanga vitabu miaka ishirini na saba, na aliyemuuliza juu ya Mzee Vrana alijibiwa kwa upole kwamba mzee amestaafu.

Mimi hasira zangu zilitafuta mtu. Baba yenu mdogo Leo alikuwa kule New York, seremala wa mtandao ule ule, akipigilia kuta za bandia. Kiangazi cha mwaka uliotangulia alikuja hapa, akakaa studio wiki nzima akicheka na kunguru. Nikahukumu. Alipokuja Krismasi nikamzuia mlangoni, theluji ikimwangukia kofiani. "Uliwauzia dola ngapi?" nikamuuliza, kwa maneno ya kwetu, makali kuliko hayo. Akasema, "Kaka, mimi napigilia misumari tu. Hawa watu hata jina langu hawalijui." Nikafunga mlango. Ninyi mkakua bila baba mdogo, na kila mlipouliza nilisema, muulizeni yeye.

Mama yenu hakuamini hata siku moja. Aliniambia, "Labda ni Leo. Labda ni Tierney alipokuwa anajisifu kwenye simu. Labda na kule kuna mtu aliyekua bila redio, naye amewafikiria hao watoto. Wendell, unataka jibu ili upate wa kumchukia." Alisema kweli. Ilikuwa rahisi kumtazama Leo. Ilikuwa vigumu kutazama mkono huu uliogeuza swichi. New York waliiba kunguru, hilo nalisema na nitalisema mbele ya Mungu. Lakini zile sekunde arobaini alizohitaji mama yenu ili punje ianguke hazikuibwa na New York. Nilizitoa mimi, kwa sababu ya mshale wa saa.

Nipe maji, Irma. Asante, mama.

Haya. Sasa barua hii. Mtandao unatimiza miaka hamsini, unatayarisha sherehe na jumba la makumbusho, na wamesikia kwamba tuna filamu. Zao walizichoma zote, wanangu! Chumba kilijaa mikebe, wakahitaji nafasi, wakachoma kazi za watu kama majani ya bustani, na sasa wanazunguka nchi nzima wakiomba vipande. Wanataka nitie saini kwamba filamu yetu ni, nawasomea, "mwigo wa mapema wa kituo cha mashambani, uliochochewa na Kapteni Kroki." Mwigo! Mkebe una muhuri wa reli wa Septemba hamsini na nne. Kapteni wao alizaliwa mwaka uliofuata. Tangu lini mama akamwiga mtoto wake?

Russell, najua ulichoniambia jana jikoni. "Baba, tia saini, angalau watu watamwona mama." Sikukasirika, ingawa nilipiga meza. Unamtaka mama yako aonekane, nami namtaka vivyo hivyo. Lakini ataonekana kwa jina lake au asionekane. Ukikubali neno lile moja, utakuwa umegeuza swichi kama mimi.

Basi nimeamua hivi. Nyumba ni yenu wote wawili, msigombane juu ya paa, linavuja upande mmoja tu. Vyombo vyangu vya ufundi ni vya Russell. Filamu haiuzwi wala haiazimwi. Ni ya maktaba ya Bell Fork, pale mama yenu alipofanyia kazi, na itaonyeshwa Jumamosi saa kumi na moja na nusu, mlango wazi, kila mtu aje. Russell, wewe utaendesha mashine. Filamu itakapokwisha usiwashe taa. Irma atatokea na Mzee Vrana, na hutagusa swichi mpaka punje ianguke, hata kama watu watakohoa, hata kama itachukua dakika tano. Na kiti cha mbele ni cha Leo. Yuko Omaha kwenye nyumba ya wazee, namba iko nyuma ya kalenda. Irma, umpigie leo. Usimwambie nimemsamehe, maana sina cha kumsamehe. Mwambie kaka yake anaomba mlango ufunguliwe.

Barua... Russell, kalamu iko hapo. Andika chini ya neno mwigo: "Hapana. Alikuwa wa kwanza. Adela Kopecky." Wewe andika, mkono wangu hauna nguvu. Umeandika? Nionyeshe. Naam. Maandishi yako kama ya mama yako.

Mungu awape watu wa kuwasubiri, wanangu. Awape na subira ya kuwasubiri wengine. Msimkate mtu akiwa hajamaliza.

Jumamosi mimi... sitafika. Irma, fungua mkebe. Chini ya filamu kuna karatasi ya kolache, imekunjwa. Ndiyo. Ndiyo hiyo punje ya jioni ile, mama yenu aliirudisha nyumbani mfukoni mwa aproni. Vaa soksi ya Mzee Vrana mkononi. Usione aibu, mama, nami niliwahi kuivaa mguuni. Mwinue. Mvue kofia.

Usiharakishe. Nakutazama. Safari hii nasubiri.

...

Nimeisikia ikianguka.

Sasa, Russell. Zima kinasa sauti wewe.