Aliyesubiri Nimalize Kutaja Jina Langu

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenifungua kinywa hata nikaweza kusimama mbele yenu leo. Bwana asifiwe sana!

Naitwa Nabwire. Nimezaliwa Buhehe na nauza vitenge katika soko la Busia, upande wa Uganda. Wengi wenu mmenunua kwangu, na mnajua kwamba nina kigugumizi tangu utotoni. Mteja akiniuliza bei, naibonyeza kwenye kalkuleta na kumwonyesha. Nilizoea kuishi hivyo. Lakini mapenzi hayaendi kwa kalkuleta, ndugu zangu!

Wachumba waliletwa nyumbani kwetu. Nakumbuka mmoja aliyekuja na mama yake. Nilitoka na maji ya kunawa, nikataka kuwasalimu, neno likanasa. Nilisimama pale na birika mkononi, midomo inatetemeka, na yule mama akageuza uso kuangalia kuku uani. Hawakurudi. Baada ya hapo nikamwambia baba asilete mtu mwingine. Wadogo zangu wakaolewa, nikapika kwenye sherehe zao, nikalea watoto wao. Nilikuwa napita miaka thelathini na mitano, na usiku nilimwuliza Mungu kama alinisahau.

Kisha nikagundua kwamba kwenye simu sina kigugumizi. Nikiandika, maneno yanatoka yote! Nikaingia katika tovuti moja ya kutafutia wachumba, ya bure, ambayo haikuniuliza chochote zaidi ya jina na picha. Siku hiyohiyo wanaume wakaniandikia. Mmoja alijiita Daudi. Alisema yeye ni fundi wa mitambo, ameokoka, anafanya kazi mbali. Kila asubuhi aliniandikia mstari wa Biblia. Ndugu zangu, nilimpenda yule mtu. Nilikuwa nakunja vitenge huku nacheka peke yangu, mpaka wenzangu sokoni wakaniuliza nimekula nini.

Hakutaka tuonane uso kwa uso kwenye simu. Kila siku kamera yake ilikuwa mbovu. Na mimi, badala ya kushtuka, nilifurahi! Sikutaka asikie sauti yangu. Kujificha kwake kulinifaa, maana nami nilikuwa najificha. Hivyo ndivyo mwovu alivyonipata.

Siku moja Daudi akaniomba nimsaidie. Alisema dereva wake atashusha mfuko upande wa Kenya, una zawadi za mama yake aliye Tororo. Nikauchukue, nivuke nao kwa kile kijia cha nyuma cha miguu, nisipite mpakani kwa maafisa, kwa sababu foleni ni ndefu. Tororo mtu angeupokea. Aliniandikia, “Ukinifanyia hili, nitajua wewe ni mke wangu.”

Nikavaa viatu, nikavuka.

Mungu wetu yuko macho! Dereva alichelewa, nikaenda kusubiri kwa shangazi yangu Nafula, dada ya baba, aliyeolewa upande ule wa Kenya. Shangazi akaniuliza ninangoja nini. Nikajaribu kumweleza, maneno yakakwama yote, nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma polepole, akinilaza kichwa begani kwake kama mtoto. Mwisho akasema, “Mwanangu, mtu mwenye zawadi ya mama yake hupita barabarani.”

Aliomba nami pale jikoni, kisha akaniambia nimwandikie Daudi kwamba nataka kuona uso wake sasa hivi, kabla sijagusa mfuko. Nikaandika. Ndugu zangu, yule mtu wa mistari ya Biblia alinitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia madhabahuni. Kisha jina lake na picha zake vikapotea. Nikawaandikia wenye tovuti, hakuna aliyenijibu. Mpaka leo sijui mfuko ule ulikuwa na nini. Najua tu kwamba ambaye angeshikwa nao ni mimi, nisiyeweza hata kujieleza mbele ya polisi.

Nililia kwa shangazi siku nzima. Nilitaka kuvunja simu. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba sitatafuta mume tena. Akaisoma, akaikunja, akaniambia, “Ulikosea mlango tu. Kutaka mume hukukosea.”

Hayo ndiyo maneno yaliyoniinua.

Jirani yake shangazi ana binti aliyepata mume mwema kupitia mtandao, na wana ndoa ya kanisani. Binti huyo akaja kukaa nasi, tukatafuta pamoja, bila haraka, tukiomba. Alitufundisha kuuliza kwanza nani wenye tovuti na kama wanapatikana. Tuliwaandikia swali kabla ya kujiunga, na mtu akatujibu kwa jina lake, akatueleza vizuri. Tovuti hiyo ilitaka kitambulisho, na picha niliyopigwa papo hapo, ili ijulikane kwamba Nabwire ni Nabwire. Namba yangu ya simu ilifichwa. Mtu akikusumbua, unamshtaki na wanashughulika naye. Nyingine tuliyoipenda kwa picha zake nzuri tukaiacha, kwa sababu hawakumchunguza mtu yeyote. Na bado shangazi alisema, hata kama tovuti ni nzuri, tutamchunguza mtu wenyewe.

Ndipo nikakutana na Owor. Picha yake ilipigwa kwenye shamba la mihogo, ana pengo la jino mbele na hakulificha. Aliandika kwamba ni mkulima wa Kiyeyi, Tororo, mkewe alifariki, ana binti wawili, na anapika vibaya. Nilicheka. Tukaandikiana, na haukupita muda yeye mwenyewe akaomba tuonane kwenye simu.

Niliogopa sana. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikamwambia ukweli wote: nina kigugumizi kikubwa, na kama hataki, aseme sasa. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha huku, “Neno yako ikichelewa, mimi nangoja.”

Tukapigiana. Uso ulikuwa uleule wa pichani, na lile pengo! Nikataka kutaja jina langu, likanasa kwenye Na. Watu wengi hunimalizia. Wanadhani wananisaidia. Owor hakunimalizia. Alikuwa anabambua karanga, akaendelea kubambua taratibu, ananitazama kwa upole, mpaka nikafika mwisho wa jina langu. Halafu akatabasamu na kuniambia habari yako, Nabwire. Nilizima simu baadaye nikapiga magoti. Haleluya!

Tulikutana mchana, katika hoteli ya chakula yenye watu wengi pale Busia, na shangazi akakaa meza ileile, akamhoji hadi chakula kikapoa. Kisha yeye na baba wakaenda Kiyeyi bila kuwaambia wenyeji, wakauliza majirani, wakamwona mchungaji wake. Wakarudi na mihogo na habari njema.

Siku ya utambulisho, Owor alipokuja na watu wake kuposa kwetu Buhehe, niliulizwa mbele ya wageni wote kama namjua mtu huyu. Neno likanasa. Watu wakaanza kuninong'onezea jibu. Owor akainua mkono kidogo, uwanja ukanyamaza. Wakanisubiri wote. Nikasema, “Namjua, na ninampenda.” Baba akafunika uso kwa kofia yake.

Sasa naishi Kiyeyi. Binti zake wananifundisha lugha yao, Dhopadhola, na kigugumizi kimenifuata hata huko! Tunacheka nacho. Ndugu zangu, Bwana hakuniondolea kigugumizi. Aliniondolea aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa inanipeleka kule kwenye mfuko.

Namshukuru Mungu, namshukuru shangazi Nafula. Na wewe uliyekaa hapo na simu yako, unaandikiana na mtu usiyewahi kuuona uso wake, usione haya. Njoo kwangu baada ya ibada, nitakuambia jina la tovuti, tutaangalia pamoja, tutaomba pamoja. Mwambie Mungu haja ya moyo wako bila kuificha, kisha uliza, chunguza, waite watu wa kwenu wakusaidie. Yesu anakujua ulivyo na anakupenda hivyohivyo. Mwamini, na usimkubali mpenzi anayekutaka ukiwa gizani.

Amina, wapendwa wangu. Nawapenda wote.