Shamba la Mollo ni la Rahel

Sogeeni wanangu, Yonas na Rahel, mniegemeze hapa ukutani, na mlango urudisheni, maana wale wazee wawili waliokaa uani hawakuja kunijulia hali. Wanasubiri pumzi yangu ikatike wachukue shamba la Mollo, shamba nililopewa na baba yangu mzazi, mimi Leonia, kwa mkono wake.

Tangu serikali ilipowaachia watu biashara ya mahindi na malori yakaanza kuyafuata hadi shambani, kila mtu analimezea mate. Kaka yangu Fransisko anasema ardhi ya Wafipa haiendi kwa mtoto wa Msukuma. Mdogo wa marehemu baba yenu anasema kwao Wasukuma mtoto wa kike harithi. Miaka yote hawakusalimiana, leo wanakunywa togwa kikombe kimoja! Inaniuma, wanangu.

Wewe Yonas ni mwanamume, watakupokea. Lakini mtazame dada yako. Akina mama wa kigango, Wafipa wenzangu wa kanisani, walipogawana mbegu walimwambia, "Dada, nenda kwa wenzenu wafugaji." Wafugaji nao, Wasukuma wa baba yenu, wakamwambia, "Mama, hiki kikao cha wanaume, nenda kwa wanawake wenzako." Na kote huko alikuwa akiburuta ule mguu wake uliolemaa, wakimcheka. Wenzenu, wenzako, neno zuri hilo, ila yeye amefukuzwa nalo kila mlango. Usiniambie eti ni shida ya wanawake wote, au ya Wasukuma wote. Yote hayo yakimwangukia mtu mmoja, hana pa kukimbilia.

Basi Yonas, toka uwaambie shamba ni la dada yako. Nenda... Mbona unatazama chini? Wamekuahidi nini? Haya. Nimeona.

Rahel, usilie. Chukua jembe, pitia mlango wa jikoni. Mnajua desturi ya huku: aliyefukia majani kwenye ntumba, yale matuta yetu ya duara, ndiye mwenye shamba mwaka huo, na hakuna mzee atakayethubutu kuyafukua mbele za watu. Anzia kando ya njia, kila apitaye akuone. Usingoje nife. Hata mazishi yangu yakikukuta shambani, wewe lima.

Mungu aibariki mikono yako... na mguu huo aubariki. Nenda, mwanangu.

Yonas, baki. Nishike. Wakiingia kuuliza Rahel yuko wapi, sema... sema kaenda kuchota maji. Hilo tu, baba. Hilo utaliweza?