Mwalimu Aliyeogopa Hadithi za Mchezo

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa wilaya yetu, maafande wetu wa ulinzi mliokaa karibu na mlango, Padri, mwenye ukumbi huu, Bwana Mkurugenzi wa shule, pamoja na walimu wenzake wa Mwalimu Mukagatare, wazazi mliopanda taksi za mchana kutoka Rubona, Kanama na Cyanzarwe, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana wa chumba cha michezo, mliokosa viti mkasimama madirishani: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Najua mnaangalia saa. Hata mimi naiangalia. Wa Kanama wana barabara mbele yao, na hakuna kati yetu ambaye angependa kuwa kwenye barabara hiyo jua likishaanza kushuka. Sitawachelewesha.

Kwa wasionijua, mimi ni Karenzi, fundi wa redio na televisheni nyuma ya soko. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi Karagwe, Tanzania, nami nilizaliwa huko, ndiyo maana Kiswahili changu kinawachekesha baadhi yenu. Nimeombwa nimuage Mwalimu anapostaafu kwa sababu mwaka wote uliopita, tisini na nane, nilikaa naye chumba kimoja kila siku ya kazi, saa nane mchana mpaka saa kumi. Hotuba niliyoipeleka ofisini ili isomwe kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema Mwalimu ni mchapakazi, ana nidhamu, anapenda vijana. Yote hayo ni kweli. Lakini nilipoisoma tena jana niliona kwamba anayesifiwa pale anaweza kuwa mwalimu yeyote wa nchi hii. Basi leo nitasema na yale ambayo hayamo.

Mwalimu Mukagatare alifundisha historia miaka ishirini na miwili. Baada ya vita, somo hilo likasimamishwa nchi nzima mpaka litakapoandikwa upya. Mwalimu wa hesabu aliendelea na hesabu, wa Kifaransa na Kifaransa, lakini yeye akapewa daftari la mahudhurio. Parokia ilipopata mashine mbili za mchezo wa televisheni kutoka Goma, ili vijana waliokimbia kutoka milimani wasizurure mjini, Bwana Mkurugenzi alimtuma asimamie chumba, nami nikaitwa kuunganisha nyaya.

Siku ya kwanza aliingia, akasimama nyuma ya vijana, akatazama kioo. Kaseti ya mchezo tuliyokuwa nayo haikuwa na kitabu chake, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, au ya Kichina, sisi tungejuaje? Kulikuwa na askari mdogo anayetembea kijijini. Kuna nyumba kumi na nne, vilima, na ziwa. Askari akikaribia nyumba, mtu anatoka. Ukibonyeza kitufe chekundu, unampiga risasi. Ukichelewa, anakupiga wewe.

Mwalimu akaniuliza, "Huyu mutu ni nani?"

Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu."

"Na bale anapiga, balimufanyia nini?"

"Sijui. Lakini tunaweza kuwatungia hadithi. Mchezo bila hadithi ni vidole tu."

Nilisema hivyo kwa kujiamini. Kule Karagwe tulikuwa na kibanda cha video, na palikuwa na bwana mmoja aliyesimama kando ya kioo akitueleza kwa Kiswahili kila kilichosemwa, hata ambacho hakikusemwa. Kwake nilijifunza kwamba mtu hawezi kukimbia na kuruka saa mbili bila kujua anakimbilia wapi. Nilidhani mwalimu wa historia atanielewa kuliko yeyote.

Alinivuta mpaka nje, chini ya dirisha. Wapendwa, niruhusuni nirudie maneno yake, kwa kuwa nimemwomba ruhusa asubuhi ya leo na yeye amenijibu kwa kuinua mabega.

Alisema: "Fundi, sikiliza. Hadithi nilifundisha mi mwenyewe. Nani alitoka wapi, nani alimukuta nani hapa. Kitabu kilisema hivyo, na mi nikasema hivyo. Kulikuwa na mutoto mumoja, kila mutihani anapata ishirini juu ya ishirini. Mwaka wa mauaji nilikuwa nimejificha juu ya dari, na yeye iko chini, barabarani, anaeleza wenzake kwa nini batutafute. Alitumia maneno yangu, Fundi. Na mupangilio wangu. Alianza na utangulizi, kama nilivyomufundisha. Donc, basi, hapa vidole tu. Wabonyeze, waruke, wacheke, waende kwao. Hakuna mutu kuuliza huyu ni nani."

Nilirudi ndani nikakaza nyaya.

Ikawa sheria ya chumba: mchezo ni mchezo. Na kusema kweli, kwa wiki kadhaa niliona kama nilikuwa nimekosea. Vijana walicheza bila hadithi yoyote na walifurahi. Belise, binti asiyezidi miaka kumi na saba, aliyebaki peke yake kwao, alikuwa na vidole ambavyo sijaviona kwa fundi yeyote. Ntwali alipiga kelele kuliko wote. Jean Paul wa Kanama alikuwa mtaratibu, mtu wa kuchora. Mashine yetu haina kumbukumbu: ukiizima leo, kesho unaanza upya. Kwa hiyo Jean Paul alichora ramani ya kijiji kile kwenye karatasi ya daftari, nyumba zote kumi na nne, njia, ziwa, na kila nyumba waliyoimaliza waliiwekea msalaba.

Kisha waasi wa msituni wakalichoma lile basi dogo la barabara ya Kanama. Mnalikumbuka. Hapa wamekaa watu waliozika. Nitamtaja mmoja tu, mzee Rutagengwa, muuza viazi, kwa sababu jina lake linaingia katika habari hii.

Wiki ile chumba kilibadilika, nami sikuona haraka. Nilikuwa nimeinama juu ya waya nikasikia Ntwali akisema, "Ile nyumba ya kona ni ya kwa Damascène, jirani yetu." Wakacheka. Kesho yake kilima cha kwenye kioo kikawa Kanama, na ziwa likawa la Rubona. Siku ya tatu nyumba zote zilikuwa na wenyewe, majina yao yameandikwa kwenye ramani, na watu waliotoka milangoni waliitwa kwa neno ambalo sitalitamka katika ukumbi huu. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha hayo, na hakuna aliyewasimulia. Tuliwaachia mahali patupu, wakapajaza kwa kile walichokuwa nacho, na mwaka ule walikuwa na nini kingine?

Siku moja Ntwali alimpa Jean Paul manette, kile kishikio cha kuchezea, akamwambia, "Haya, piga. Ama unaogopa utapiga kaka yako?" Kwa maana ilisemwa mtaani kwamba kaka yake Jean Paul yuko msituni. Jean Paul aliweka manette chini polepole, akakunja ramani yake, akaitia mfukoni, akatoka. Mwalimu alikuwa mlangoni na daftari lake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Tulimwacha apite.

Njiani kwenda kwao, kwenye kizuizi cha barabarani, askari walimpekua.

Hebu fikirini, ndugu zangu, mmeshika zamu pale, mwezi ule, baada ya basi lile. Mnatoa mfukoni mwa kijana wa Kanama karatasi yenye nyumba kumi na nne, vilima, ziwa, misalaba tisa, na majina ya watu. Na kati ya majina yenye msalaba, jina la Rutagengwa, aliyezikwa siku sita kabla. Ntwali ndiye aliyeliandika baada ya mazishi, kwa sababu ndilo jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Lakini nani pale kizuizini angejua hivyo? Mimi nisingewalaumu. Ningeiogopa karatasi ile kama walivyoiogopa.

Belise alinijia dukani anahema. "Fundi, balimukamata Jean Paul. Juu ya ile karatasi ya mchezo. We ndiye unajua mashine, kwenda uwaeleze."

Ninyi mnaonipa kazi, mnaoniamini na redio zenu, sikilizeni nilichofanya. Nilimwambia nakuja. Nikafunga duka, nikapanda taksi kwenda Rubona kwa dada yangu, nikamwambia nina homa. Nilijilaza nimejifunika blanketi mchana kweupe. Kila gari lililopita karibu na kiwanda cha bia nilidhani limenifuata. Niliogopa kuulizwa: wewe uliyeunganisha mchezo huu, ulikuwa unawafundisha nini?

Mwalimu Mukagatare alikwenda. Alifunga kaseti ndani ya kitenge, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi kutwa nzima, hakuna aliyemsikiliza. Kesho yake akakaa tena. Siku ya tatu afande mmoja alimuuliza anataka nini, akajibu kwamba anataka kumwonyesha mahali karatasi ile ilipotoka. Ndipo Mwalimu akamtuma Belise Rubona kunitafuta. Belise alisimama mlangoni kwa dada yangu akasema, "Mwalimu anasema: kama hauko mugonjwa, kuja. Na kama uko mugonjwa, kuja vile vile."

Nilikwenda. Nisifiwe kwa hilo? Hapana. Niliogopa kumwangalia binti yule usoni kuliko nilivyoogopa bunduki.

Afande alikuja chumbani na askari wawili. Alikaa kwenye kiti cha vijana, magoti yakafika kifuani, akakunjua ramani. Sikuweza kuingiza plagi. Belise alinishika mkono, tukaiingiza pamoja. Kisha akakaa mbele ya kioo akacheza. Afande aliweka kidole juu ya nyumba ya kwanza. Belise alifika nyumba ya kwanza, mtu akatoka. Nyumba ya pili. Njia inapinda, na kwenye karatasi njia inapinda. Ziwa, na kwenye karatasi ziwa. Mikono ya binti yule haikukosea hata mara moja, huku machozi yakimdondoka. Alipomaliza ya tisa afande akasema, "Basi. Zima."

Tulidhani yamekwisha. Lakini akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Huyu askari ni nani?"

Ni swali lile lile la Mwalimu la siku ya kwanza. Safari hii kila jibu lilikuwa na hatari. Askari wa nani? Anaingia nyumba za nani? Niliangalia sakafu.

Mwalimu akasema, "Hatujui, afande. Na hilo ni kosa langu. Watoto walitaka kujua, nikakataza. Nilisema wacheze tu. Walipokosa hadithi wakachukua hii yetu ya huku nje."

"Wewe ni mwalimu wa nini?"

"Wa historia."

"Historia haifundishwi."

"Ndiyo, afande. Mi pia siifundishi. Niko naiogopa."

Afande aliinuka. Akakunja karatasi, akaondoka nayo. Jean Paul alirudi kwao siku ya tisa. Yaliyompata huko hatukumuuliza. Mwezi uliofuata familia yake ilivuka mpaka. Kama yupo mtu hapa anayejua walipo, nitamshukuru sana akiniambia baada ya sherehe. Ntwali, nakuona hapo dirishani. Sikukutaja ili uinamishe kichwa. Ulikuwa unaogopa kama sisi.

Chumba kilifungwa wiki tatu. Kilipofunguliwa, Mwalimu alikuja na sheria mpya, akiwa amekunja uso kama mtu anayemeza dawa: kabla mtu hajashika manette, wote wakubaliane huyu ni nani na anataka nini, na lisitajwe jina la mtu aliye hai wala aliyekufa. Walibishana siku mbili. Mwisho wakasema huyu ametumwa kuwaambia watu wa kijiji kwamba maji ya ziwa yanapanda, nao wanamwogopa kwa sababu ya nguo zake, ndiyo maana wanampiga. Na hapo, ndugu wageni, niliona jambo ambalo fundi hawezi kulikanusha: vidole vilibadilika. Belise aliacha kitufe chekundu. Akaanza kukwepa, kuzunguka nyuma ya nyumba, kusubiri mlango ufungwe. Alikufa kwenye mchezo ule mara zisizo na idadi. Baada ya miezi miwili alipita nyumba zote kumi na nne bila kumpiga mtu, na tukaona mwisho wa kaseti: lango linafunguka, na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Vijana walipiga kelele mpaka Padri akaja mbio akidhani tumevamiwa.

Nilimgeukia Mwalimu nikamwambia, "Umeona? Hadithi."

Hakutabasamu. Alisema, "Nimeona. Na leo imetoka muzuri. Kesho anaweza kuja mutu mwingine na hadithi yake, na vidole vitamufuata yeye vile vile."

Mwalimu, wenzako wamekusifu leo kwa ujasiri, nami nimeona ulivyokuwa unatikisa kichwa. Basi mimi nitakusifu kwa hofu yako. Ulijua uzito wa kumwambia kijana "huyu ni nani", na uliposhindwa kukwepa, ulilibeba jibu lake mbele ya bunduki huku fundi wako amejifunika blanketi. Nisamehe kwa siku zile tatu. Nilitaka kukuomba hivyo mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokuwa nimekukimbia.

Bwana Mkurugenzi ameniambia hakuna mwalimu mwingine atakayeletwa kusimamia chumba. Kuna kaseti mpya imeshafika kutoka Goma, nayo pia haina kitabu. Alhamisi niliijaribu peke yangu dukani. Mwanamke amebeba kitu mgongoni anavuka mto, na watu wanamngoja ng'ambo wameshika vitu mikononi. Jumatatu saa nane mchana nitafungua mlango mimi mwenyewe. Vijana watakaa, watatazama, na mmoja wao ataniuliza wale wa ng'ambo ni akina nani. Sijui bado nitamjibu nini, na tangu Alhamisi sili vizuri.

Mwalimu Mukagatare, staafu kwa amani ya Mungu. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka neno hili la mwisho, nasema asanteni sana. Watu wa Kanama, taksi yenu iko tayari, nendeni sasa hivi.