Meli Kwenye Kahawa ya Mzee Yonathani

Mwalimu Atuganile anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kufundisha jiografia kwa miaka ishirini na tisa, yote katika shule yetu hapa Ihanda. Alifika akiwa binti kutoka milima ya Ileje, akiwa na sanduku la bati na kalenda yenye picha ya meli ya abiria. Kalenda hiyo bado iko ukutani. Tarehe zake zimefifia, meli bado ipo.

Kutoka kwetu hadi baharini ni safari ya zaidi ya siku nzima, kwa hiyo Mwalimu aliileta bandari darasani kwa njia yake. Mdogo wake, Lusubilo, ni mpakuaji wa mizigo bandarini Dar es Salaam. Kila meli maarufu ya watalii ilipotarajiwa, Lusubilo alisimama Kivukoni na kupiga simu. Mwalimu aliiweka simu mezani, akafungua sauti yote, nasi tukasikiliza meli ikiingia.

"Dada, sasa naona bomba la moshi. Watu wamejipanga juu kama njiwa. Jamani, hii kitu haiishi!"

Simu ikikatika, tulitoka nje na kamba ya mita thelathini kuupima urefu wa meli hiyo uwanjani. Nyuma ya meli ilianzia golini. Kamba ilihamishwa mara kumi, ikamaliza uwanja, ikavuka barabara ya vumbi, na mbele ya meli ikaishia katikati ya kahawa ya jirani yetu, Mzee Yonathani. Mzee alitoka akirekebisha kofia yake.

"Mwalimu, leo tena umeniegeshea meli shambani?"

Mwalimu alimjibu kwamba nahodha anaomba radhi na ataondoka kabla ya saa sita. Katika miaka yote hiyo hatukuvunja hata tawi moja.

Matokeo yake ya jiografia yanajulikana wilayani, na wawili kati ya wanafunzi wake leo ni mabaharia. Lakini yeye mwenyewe hakuwa ameiona meli hata moja. Lusubilo alimwalika kila likizo, akakataa. Alisema ataiona pamoja na darasa lake, au basi. Safari ya kwanza, gari liliharibika Makambako. Ya pili ilifutwa wakati wa korona. Mwaka huu ilibaki nafasi moja tu: meli iitwayo Aurelia, iliyotarajiwa mwezi Machi. Wazazi walichanga mahindi na maharage ya njiani, tukaondoka.

Tulifika Kivukoni asubuhi, wanafunzi thelathini na wanane, wote tumevaa masweta kama tulivyotoka nyumbani. Saa mbili, kitu kikubwa kama ghorofa kikaingia kwenye mlango wa bandari. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Mwalimu alivua mtandio akaupunga, machozi yakimtoka. Lusubilo alisubiri tutulie.

"Dada, hiyo ni meli ya magari. Yanakuja huko huko kwenu Tunduma."

Wauza samaki walicheka, nasi tukacheka. Magari ya namna hiyo tunayaona kila siku yakielekea Zambia, na hakuna aliyewahi kuyapungia mkono.

Saa nne kasoro ndipo Aurelia ilipokuja, nyeupe, polepole, karibu kiasi kwamba tuliona abiria wakinywa chai. Lusubilo, kwa mazoea, akaanza, "Dada, sasa naona bomba..."

Mwalimu alimshika mkono. "Nyamaza, mdogo wangu. Leo naona mwenyewe."

Aliitazama hadi meli yote ilipopita. Kisha akatugeukia, akafuta miwani, akauliza kama darasani: ingekuwa nyumbani, mbele yake ingefika wapi? Tulijibu kwa sauti moja, mbele ya watu wote wa Kivukoni: "Kwenye kahawa ya Mzee Yonathani!"

Asante, Mwalimu, kwa simu zote zile, na kwa kutusubiri. Kamba uliyotuachia iko stoo, imekunjwa kama ulivyotufundisha. Na Mzee Yonathani, alipopanda miche mipya mwezi uliopita, aliacha kipande kimoja wazi. Anasema ni cha meli.

Uende salama Ileje, uwe na afya na furaha. Siku ukija kutusalimia, utaegesha pale.

Jenista, Kidato cha Tatu
Kwa niaba ya wanafunzi wote